Fildi Iliyoko Nyumbani: Mwanafunzi wa Sheria kati ya Chuo, Kiwanja na Kilosa

Mazungumzo ya leo yanamhusu mwanafunzi wa sheria anayetoka wilaya ya Kilosa, mkoani Morogoro, awe ametokea Kilosa mjini, Kimamba, Rudewa, Kidodi au Mikumi, ambaye katika miaka yake ya chuo hulazimika kugawa muda wake kati ya mambo manne yasiyopenda kungojana: masomo, mpira wa miguu, marafiki na safari za kurudi kwao. Jambo hili huzungumzwa mara nyingi kana kwamba ni la tabia peke yake, kwamba kijana mwenye nidhamu hufaulu na asiye nayo hufeli. Likitazamwa kwa makini, linaonekana kuwa pia ni suala la kalenda, la barabara, la fedha, na la namna jamii inavyomwelewa mtu aliyepelekwa kusoma sheria.

Mikumi ni mji mdogo ulioko kwenye barabara kuu inayotoka Dar es Salaam kwenda Iringa, Mbeya hadi Zambia, na kijiografia umekaa kati ya makundi mawili ya vyuo vinavyofundisha sheria. Upande wa Morogoro kipo Chuo Kikuu Mzumbe, Chuo Kikuu cha Waislamu Morogoro na Chuo Kikuu Kishiriki cha Jordan. Upande wa Iringa kipo Chuo Kikuu cha Iringa na Chuo Kikuu Katoliki cha Ruaha. Mzumbe ndicho kilicho karibu zaidi, na historia yake inahusiana na mada hii, kwa kuwa kilianza mwaka 1953 kama shule ya serikali za mitaa iliyofundisha machifu na watumishi wa tawala za wenyeji, kisha baada ya uhuru kikafundisha pia mahakimu wa mahakama za ngazi ya chini, kikawa Chuo cha Uongozi wa Maendeleo mwaka 1972, na hatimaye chuo kikuu mwaka 2001. Kwa maneno mengine, muda mrefu kabla ya kutoa shahada ya sheria, Mzumbe palikuwa mahali pa kumwandaa mtu atakayerudi wilayani kuamua mashauri ya watu wa kawaida. Mwanafunzi wa leo anayesimama kwenye njiapanda ya Sangasanga, mahali barabara ya chuo inapoiacha barabara kuu, huyaona mabasi ya Mikumi yakipita mchana kutwa. Ukaribu huo humtia kishawishi cha kwenda nyumbani wakati wowote, na humpa pia nafasi ambayo mwenzake wa Kigoma au Mtwara hanayo.

Yafaa kwanza kupima uzito wa masomo yenyewe. Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania, chombo kinachosimamia ubora wa elimu ya juu nchini, huhesabu kazi ya mwanafunzi kwa kipimo kiitwacho krediti, na krediti moja ni sawa na saa 10 za kujifunza, ambamo huingia vipindi vya darasani, semina, kazi za nyumbani na kusoma mwenyewe. Mwaka mmoja wa shahada ya kwanza huwa na krediti 120, yaani saa 1,200, na saa hizo zikigawanywa kwa mihula miwili yenye majuma takriban 17 kila mmoja, mwanafunzi hupata wastani wa saa 35 kwa juma. Juma lina saa 168. Hata akilala saa nane kila usiku, akala, akafua na kusali, bado anabakiwa na saa nyingi mkononi, na kwa hesabu hiyo kavu mtu anaweza kudhani kwamba hakuna tatizo lolote. Lakini somo la sheria lina tabia yake, kwa sababu uzito wake haupo katika vipindi bali katika hukumu zinazotakiwa kusomwa kabla ya kipindi, na hukumu moja ya Mahakama ya Rufani inaweza kumchukua mwanafunzi wa mwaka wa kwanza mchana mzima, si kwa urefu wake, bali kwa sababu bado hajajifunza kutenganisha mambo ya ukweli, hoja za mawakili na sababu halisi iliyoifanya mahakama iamue hivyo.

Zaidi ya hayo, shahada ya sheria, ambayo huchukua miaka mitatu au minne kutegemea chuo, haimfanyi mtu kuwa wakili. Tangu ilipoanzishwa Taasisi ya Uanasheria kwa Vitendo Tanzania kwa sheria ya mwaka 2007 na kuanza mafunzo mwaka 2008, mhitimu anayetaka uwakili hana budi kupitia huko, jijini Dar es Salaam, apate stashahada ya uzamili, kisha aapishwe na kuandikwa katika orodha ya mawakili. Ugumu wa hatua hiyo ulionekana wazi mwezi Oktoba 2022, wakati taifa zima lilipojadili matokeo ya taasisi hiyo yaliyoonesha kwamba kati ya wanafunzi 633, waliofaulu masomo yote walikuwa 26, waliotakiwa kurudia baadhi ya mitihani walikuwa 342, na walioondolewa kabisa walikuwa 265, hata Waziri wa Katiba na Sheria wa wakati huo, Dkt. Damas Ndumbaro, akaunda kamati chini ya Dkt. Harrison Mwakyembe kuchunguza kiini chake. Haingekuwa haki kuulaumu mpira au safari za nyumbani kwa takwimu hizo. Zinachothibitisha ni kwamba msingi unaowekwa katika miaka ya shahada ndio utakaombeba au kumwangusha mtu baadaye, na kwamba kufaulu kwa kubahatisha katika mtihani wa chuo, kwa madesa yaliyokaririwa usiku wa mwisho (madesa ni maandishi ya muhtasari yanayorithishwa kutoka mwaka mmoja hadi mwingine), ni deni linalodaiwa miaka michache mbele.

Kuhusu mpira, kosa linalofanywa mara kwa mara na wazazi, na hata baadhi ya walimu, ni kuweka katika kapu moja kijana anayecheza na kijana anayetazama. Anayecheza timu ya kitivo au ya chuo hufanya mazoezi jioni, kwa kawaida kati ya saa kumi na saa kumi na mbili, labda mara tatu kwa juma, na mechi moja mwishoni mwa juma. Saa zake zote za kiwanjani zikijumlishwa hazizidi kumi, na ni saa zinazojulikana mapema, zenye mwanzo na mwisho, zinazomrudisha bwenini amechoka mwili lakini akili imetulia. Historia ya nchi hii inayo mifano ya watu waliobeba elimu na mpira kwa pamoja hadi ngazi ya juu kabisa: Leodegar Tenga, nahodha wa kikosi cha Taifa Stars kilichocheza fainali za Mataifa ya Afrika nchini Nigeria mwaka 1980, alikuwa mhandisi kwa taaluma, na baadaye akaliongoza Shirikisho la Mpira wa Miguu Tanzania, TFF, kuanzia mwaka 2004 hadi 2013.

Kutazama ni jambo jingine. Mechi nyingi za Ligi ya Mabingwa wa Ulaya, zinazochezwa Jumanne na Jumatano, huanza saa nne au saa tano usiku kwa saa za Afrika Mashariki kulingana na majira ya huko, na kwa hiyo humalizika karibu na saa sita au baada yake, siku ambazo asubuhi yake kuna vipindi. Mwanafunzi huzifuata katika kibanda umiza, yaani banda la kuoneshea mpira kwa kiingilio kidogo, ambamo watu hubanana kwenye mabenchi, na mara nyingi huenda huko akiwa na mkeka mfukoni, jina ambalo vijana wameupa mkusanyiko wa mechi alizobashiri mtu kwa kuweka fedha. Hapo fedha ya kujikimu inayotolewa na Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu, ambayo wanafunzi huiita bumu, na ambayo katika miaka ya karibuni imehesabiwa kwa shilingi 10,000 kwa siku, huanza kuyeyuka kabla haijanunua hata kitabu kimoja. Kijana wa namna hiyo akipata sapu, yaani mtihani wa marudio, au akabeba somo hadi mwaka unaofuata, jambo liitwalo keri, au akafika kwenye disko, ambalo ni kuondolewa masomoni, nyumbani Kilosa husemwa kwamba mpira umemponza, ilhali huenda hajagusa mpira kwa mguu wake muhula mzima. Tofauti hii inapaswa kusemwa kwa sauti, kwa sababu mzazi anayempiga marufuku mwanawe kucheza humwondolea saa zake bora na kumwachia zile mbaya.

Kwa mwanafunzi wa sheria, tena, mpira una faida ambayo hauna kwa mwanafunzi wa fani nyingine. Mchezo huu unaongozwa na sheria 17 zinazofahamika duniani kote, na katika sheria ya tano, inayohusu mwamuzi, imewekwa kanuni kwamba uamuzi wake kuhusu mambo ya ukweli ya mchezo ni wa mwisho, mfano kama mpira ulivuka mstari au haukuvuka. Mchezaji aliyezoea kuukubali uamuzi huo huku moyo ukimuuma, akijua kwamba kinachoweza kulalamikiwa baadaye ni kuvunjwa kwa kanuni na si macho ya mwamuzi, amekwisha kuonja mojawapo ya tofauti zinazowasumbua sana wanafunzi wa mwaka wa kwanza, ile iliyopo kati ya jambo la ukweli na jambo la kisheria, ambayo kwayo mahakama za rufani husita kuugusa ushahidi uliopimwa na hakimu aliyewaona mashahidi kwa macho yake, lakini hazisiti kusahihisha tafsiri ya sheria iliyokosewa.

Ligi ya Tanzania yenyewe imewapa vijana mashauri ya kujifunzia bila kulipa ada. Shauri la Bernard Morrison, mchezaji kutoka Ghana aliyehama klabu ya Yanga kwenda Simba mwaka 2020, lilihusu swali la msingi kabisa katika sheria ya mikataba, yaani kama kulikuwa na mkataba halali wa nyongeza au haukuwepo, na lilitoka kwenye kamati ya TFF likafika Mahakama ya Usuluhishi wa Michezo iliyoko Uswisi, ambayo mwaka 2021 haikuipa Yanga ushindi. Lile la Feisal Salum, lililoanza Desemba 2022 alipotangaza kuondoka Yanga wakati mkataba wake ukiwa hai, lilihusu swali jingine, kwamba je, upande mmoja unaweza kuuvunja mkataba kwa kulipa fedha, na kamati ya TFF ilimwona bado ni mchezaji wa Yanga, hadi suala lilipomalizwa kwa maelewano mwaka 2023 naye akaenda Azam. Katika vijiwe vya Mikumi watu walibishana kuhusu mashauri hayo kwa miezi, na mwanafunzi aliyeketi hapo akiwa na kanuni za mikataba kichwani alikuwa na darasa ambalo hakuna mhadhiri angeweza kulijaza kiasi hicho. Si ajabu, basi, kwamba wanasheria hukabidhiwa michezo pia katika ngazi ya taifa: Dkt. Ndumbaro aliyetajwa hapo juu alipewa wizara yenye dhamana ya michezo mwaka 2023, na Desemba 2024 dhamana hiyo ikaenda kwa Profesa Palamagamba Kabudi, aliyefundisha sheria kwa miaka mingi Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na aliyechaguliwa kuwa mbunge wa Kilosa mwaka 2020.

Marafiki hawahitaji maneno mengi. Sheria haisomwi vizuri na mtu mmoja, kwa sababu kila hoja ina hoja inayoipinga, na mwanafunzi asiye na mtu wa kubishana naye huishia kuiamini ile ya kwanza aliyoifikiria. Kikundi cha watu wanne au watano wanaogawana hukumu za juma, kila mmoja akaisoma yake kwa kina na kuwaeleza wenzake, huokoa saa nyingi kuliko ratiba yoyote iliyobandikwa ukutani. Na ikiwa wenzake hao ndio pia anaocheza nao mpira jioni, hakuna haja ya kutafutia urafiki na masomo nyakati mbili tofauti. Jambo la kuangalia ni kikundi ambacho mmoja husoma na wanne hupiga picha daftari lake.

Safari za nyumbani ndizo zinazostahili kujadiliwa kwa kirefu, kwa kuwa hapo ndipo mipango mingi huvunjika. Mwanafunzi wa Mikumi hupanda basi na kushuka kwao bila kubadili gari, akipita katika Hifadhi ya Taifa ya Mikumi, iliyoanzishwa mwaka 1964, ambayo barabara kuu huikata kwa takriban kilomita 50. Yule wa Kilosa mjini huzunguka kupitia Dumila, kwenye barabara ya Dodoma, kisha hushuka kupitia Rudewa, na kipande kinachounganisha Kilosa na Mikumi, chenye takriban kilomita 70, ndicho kilichochelewa zaidi kupata lami katika barabara hiyo ya Dumila hadi Mikumi. Mwezi Novemba mvua za vuli huwa zimeanza, na kati ya Machi na Mei, muhula wa pili ukiwa umekolea, masika hushuka. Wakazi wa Kilosa hawahitaji kukumbushwa kile ambacho mto Mkondoa unaweza kufanya, kwani mafuriko ya mwisho wa mwaka 2009 na mwanzo wa 2010 yalizifagia nyumba na kuikata reli ya kati kwa miezi. Mwanafunzi aliyeondoka chuoni Ijumaa kwa nia ya kurejea Jumapili anaweza kujikuta anarejea Jumatano, jaribio la darasani likiwa limekwishafanyika.

Reli ya kisasa imebadilisha hesabu hiyo kwa kiasi. Tangu treni za umeme zilipoanza safari kati ya Dar es Salaam na Dodoma mwaka 2024, Kilosa ina kituo chake kwenye njia hiyo, na anayesoma Dar es Salaam, hasa yule aliyefika hatua ya mafunzo ya uanasheria kwa vitendo, anaweza kufika kwao kwa saa chache kwa treni inayosimama kwenye vituo vya njiani. Hata hivyo wepesi wa usafiri una mtego wake, kwa maana kadiri nyumbani panavyokuwa karibu ndivyo sababu za kuitwa zinavyoongezeka, na kijana aliyekuwa akisamehewa msiba wa jirani kwa kuwa yuko mbali sasa hasamehewi.

Wito wa nyumbani, kwa mwanafunzi wa sheria, haufanani na ule wa mwanafunzi wa uhasibu. Anapofiwa mtu katika ukoo, kikao cha ukoo hukaa kumpendekeza msimamizi wa mirathi, yaani mtu atakayekusanya mali ya marehemu, kulipa madeni na kugawa kinachobaki, na muhtasari wa kikao hicho ndio unaopelekwa kwa desturi kwenye Mahakama ya Mwanzo pamoja na maombi. Mwenye kuombwa auandike ni kijana wa sheria. Tena wilaya hii ni ya Wakaguru, Wasagara na Wavidunda, na miongoni mwa Wakaguru na Wasagara ukoo huhesabiwa kwa upande wa mama, ambapo mjomba ana kauli kubwa juu ya ardhi na watoto wa dada yake. Kijana aliyefundishwa darasani kuhusu matamko ya sheria za mila ya mwaka 1963, ambayo yaliandikwa kwa kufuata desturi za jamii zinazohesabu ukoo kwa baba, huketi mbele ya mjomba wake akakuta utaratibu usiolingana na matamko hayo ya Serikali. Akiwa msikivu, ataondoka na swali la utafiti ambalo wenzake watalitafuta maktaba kwa mwaka mzima.

Ardhi ndiyo maktaba kubwa zaidi ya Kilosa. Wilaya ina mashamba ya mkonge yaliyotelekezwa, ambayo mengine Serikali imeyafutia hati na kuyagawa, ina mabonde yanayolimwa mpunga, mahindi na miwa, na ina wafugaji waliohamia na mifugo yao. Tarehe 8 Desemba 2000, katika kijiji cha Rudewa Mbuyuni, mgogoro wa wakulima na wafugaji ulifikia kiwango cha kuuawa watu 38, na ukubwa wa msiba ule unatosha kueleza kwa nini wilaya hii inawahitaji wanasheria wanaoijua kwa miguu yao. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 iliunda Baraza la Ardhi la Kijiji, lenye wajumbe saba ambao wasiopungua watatu ni wanawake, likiwa na kazi ya kusuluhisha na si ya kuhukumu. Juu yake lipo Baraza la Kata, ambalo marekebisho ya mwaka 2021 yaliliondolea mamlaka ya kuamua mashauri ya ardhi na kuliachia usuluhishi. Kisha linakuja Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya, na baada yake Mahakama Kuu. Mwanafunzi anaweza kuikariri ngazi hiyo kwa dakika kumi. Kuelewa kwa nini mtu wa Rudewa anairuka ngazi ya kwanza na kwenda moja kwa moja kwa mkuu wa wilaya ni jambo linalohitaji kukaa pale.

Mikumi nayo ina somo lake. Tembo wakitoka hifadhini wakala shamba, mwenye shamba hupewa kiasi cha fedha kinachoitwa kifuta jasho, na pale mnyama anapojeruhi au kuua mtu hutolewa kifuta machozi, vyote chini ya kanuni zilizotungwa kwa Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009. Kisheria malipo hayo ni ya kufariji, si fidia, maana fidia hulingana na hasara iliyopatikana na inaweza kudaiwa kama haki, ilhali hayo hupangwa na kanuni kwa viwango vyake. Mkulima aliyekesha akipiga madebe, kisha asubuhi akakuta ekari zake zimelazwa chini, haioni tofauti hiyo kuwa ndogo, na mwanasheria atakayeweza kumweleza ukweli huo kwa heshima, na pengine siku moja kujenga hoja ya kuubadilisha, atakuwa ametokea katika nyumba zilezile zilizokesha.

Hapa ndipo hoja ya mazungumzo haya inapokaa. Mwaka wa masomo, ambao kwa kawaida huanza Oktoba au Novemba na kumalizika Julai, huacha likizo ndefu inayoangukia kiangazi, na kiangazi Kilosa ndiyo majira ambayo mavuno yamekwisha kuingia ndani, njia zimekauka, na mashindano ya mpira ya kata na vijiji, ya kugombea mbuzi, jezi au kombe, yanachezwa kila jioni. Likizo hiyohiyo ndiyo wakati wa fildi, jina la kawaida la mafunzo kwa vitendo, ambayo mwanafunzi hufanya kwa majuma kadhaa katika mahakama, ofisi ya mawakili au taasisi ya umma. Desturi iliyopo ni kwamba kila anayeweza hukimbilia Dar es Salaam, akalipa nauli na chumba, akakaa katika ofisi yenye wanafunzi wengi kuliko kazi, na huko akafundishwa zaidi kutoa nakala za nyaraka. Kijana wa Kilosa anayeomba fildi katika mahakama ya wilaya yake, katika kitengo cha sheria cha halmashauri, au kwa wasaidizi wa kisheria wanaotambuliwa na Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017, hupata kwa wakati mmoja mambo ambayo mwaka mzima alikuwa akiyagombanisha: asubuhi anasikiliza mashauri, jioni anachezea timu ya kata yake, usiku yuko kwa mama yake, na fedha ya fildi haiishii kwenye pango la chumba. Akijua kwamba Julai hadi Septemba ni za nyumbani, humwia rahisi kusema hapana mwezi Februari na Mei, na wazazi huikubali hapana hiyo kwa sababu wanaiona tarehe ya kurudi kwake.

Fildi ya nyumbani ina hatari yake, na haifai kufichwa. Katika wilaya ambayo kila mtu ana ndugu, mwanafunzi atakuta jalada la mtu wa ukoo wake mezani, na hapo hana budi kumwarifu msimamizi wake na kukaa mbali nalo, hata kama mjomba atanuna. Pili, tangu siku anapopokea barua ya kujiunga na chuo, mtaani huitwa wakili, na majirani humletea samansi, mikataba ya kuuziana viwanja na barua za madai wakitaka majibu. Sheria ya Mawakili hairuhusu mtu asiyeandikwa katika orodha kufanya kazi za uwakili, na kijana anayeandaa nyaraka za mahakama kwa malipo, kwa nia njema kabisa, huweza kumharibia mteja shauri na kujiharibia njia ya kuapishwa. Anachoweza kufanya ni kumsomea jirani kilichoandikwa, kumweleza siku ya kufika mahakamani, na kumwelekeza kwa msaidizi wa kisheria au kwa wakili. Na kwa kuwa mabadiliko ya sheria ya mwaka 2021 yaliiweka lugha ya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya mahakama, wakati yeye chuoni husoma na kujibu mitihani kwa Kiingereza, kazi hiyo ndogo ya kumweleza mama wa Kimamba haki yake kwa lugha anayoielewa ni mazoezi ambayo chuo hakimpi vya kutosha.

Mzigo wa jambo hili haupaswi kubaki kwa kijana peke yake. Vyuo vinaweza kupanga mechi za vitivo zisigongane na majaribio, na vinaweza kuzipa mahakama na halmashauri za wilayani uzito uleule unaopewa ofisi za jijini wakati wa kugawa nafasi za fildi. Familia nazo zinaweza kutofautisha msiba wa mzazi na kikao kinachoweza kungoja, zikakubaliana mapema ni wito upi utakaomtoa mwanafunzi darasani katikati ya muhula, na nani kati ya kaka na dada waliobaki Kilosa atakayeandika muhtasari wa ukoo yeye asipokuwepo. Kwa mwanafunzi mwenyewe kazi ya kwanza ni ya karatasi moja: barua ya kuomba fildi kwa hakimu mfawidhi wa wilaya au kwa mkurugenzi wa halmashauri, ikiambatana na barua ya utambulisho kutoka chuoni, ambayo inafaa iwe imefika Kilosa kabla ya masika, wakati njia bado zinapitika na nafasi bado hazijagawanywa.